Njiwa Nyumbani: Raha Yake na Taabu Yake

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili wanafunzi walisome tena baada ya kulisikia.)

Wewe uliyeketi darasani na karatasi hii mkononi, ikiwa umefika mahali hapa bila kusaidiwa na mwalimu, basi umekwisha soma maneno zaidi ya ishirini. Haya, tuendelee pamoja.

Leo nazungumza hasa na wenzetu wa Kyela, Ipinda, Matema na vijiji vyote vya pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Wengine nanyi sikilizeni, maana jambo lenyewe ni la watu wote. Nataka tuzungumze juu ya kufuga ndege kwa kuwapenda. Sisemi juu ya kuku. Kuku twamfuga kwa yai na kwa mchuzi, na hakuna anayemwuliza mwenziwe kwa nini amefuga kuku. Nasema juu ya njiwa, ndege ambaye ukimfuga majirani watakuuliza, “Wampatia nini huyo?” Na wewe huenda usiwe na jibu la haraka.

Kwanza tutazame jina lake. Njiwa wa nyumbani huitwa njiwa manga. Manga ni jina ambalo watu wa pwani ya bahari waliliita nchi ya Arabuni, upande wa Maskati. Ndiyo maana twasema pia pilipili manga. Basi jina lenyewe latuambia kwamba watu wa pwani walimjua njiwa huyu kuwa ni mgeni aliyetoka ng’ambo. Hua na tetere, wanaolia katika miembe na mikakao yenu, ni ndugu zake wa mbali, lakini wao ni wa porini. Njiwa manga yeye amekaa na watu kwa maelfu ya miaka. Asili yake ni njiwa wa majabali, aliyetaga katika mapango na nyufa za mawe. Kwa hiyo mpaka leo hapendi kujenga kiota juu ya mti. Apenda kijumba chenye giza kidogo na rafu ya kukalia, kwa kuwa kijumba hicho chamkumbusha pango.

Sasa raha yake. Mtu akiamka alfajiri Matema, kabla ya jua kutokeza juu ya Milima ya Livingstone, husikia kwanza maji ya ziwa, kisha jogoo, kisha njiwa. Sauti ya njiwa haimwamshi mtu kwa nguvu. Humwambia tu kwamba nyumba ni hai. Ukitoka na punje mkononi, huja kukutua miguuni, na baada ya miezi michache watakutua begani. Mtoto aliye mkorofi kwa mbuzi na kwa mbwa nimemwona akinyamaza kimya kabisa njiwa alipokula kiganjani mwake.

Lakini raha iliyo kubwa ni kutazama namna wanavyoishi wawili wawili. Dume na jike wakishapatana hukaa pamoja kwa kawaida mpaka mmoja afe. Jike hutaga mayai mawili. Yai la kwanza leo, la pili kesho kutwa. Tangu yai la pili, huatamia siku 17 au 18. Na hapa, akina baba, sikilizeni vizuri: dume naye huatamia. Jike hulala na mayai usiku kucha, na ikifika saa tatu au saa nne ya asubuhi dume huja kumpokea, hukaa yeye mpaka alasiri, ndipo jike hurudi. Hawagombani juu ya zamu. Nilipoyaeleza haya katika darasa moja, mama mmoja aliyeketi nyuma alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga yake, na mumewe aliyekuwa upande wa pili alitazama dirishani.

Makinda yakianguliwa hayana manyoya ila vinyweleo vya manjano, na macho yamefumba. Chakula chao cha kwanza ni kitu cha ajabu. Ndani ya gole la mzazi hutengenezwa uji mzito mweupe wa manjano, ambao watu wengine huuita maziwa ya njiwa. Baba hutengeneza na mama hutengeneza. Kinda huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kunywa. Baada ya wiki moja hivi, uji huanza kuchanganywa na punje zilizolainika. Baada ya wiki nne au tano, kinda limeota manyoya yote na kutoka kiotani. Mara nyingi jike huwa amekwisha taga tena kabla makinda ya kwanza hayajaondoka. Ukiwatunza vizuri, na wezi wa usiku wakikuacha, wawili hao waweza kukupa makinda manane kwa mwaka.

Jambo jingine la kushangaza ni kwamba njiwa hurudi kwao. Mchukue ndani ya kikapu kilichofunikwa, umpeleke mbali asikokujua, umwachie. Huzunguka juu mara moja mbili, kisha hushika njia. Watu walitumia akili hii ya njiwa kupeleka habari. Mwaka 1850 bwana mmoja aliyeitwa Paul Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka habari za bei za biashara kati ya mji wa Aachen katika Ujerumani na mji wa Brussels katika Ubelgiji, kwa kuwa nyaya za simu za wakati ule zilikuwa hazijaunganishwa kati ya miji hiyo miwili. Shirika la habari la Reuters, ambalo jina lake mwalisikia redioni mpaka leo, ndilo alilolianzisha. Wengi hudhani njiwa hutumwa popote kama mjumbe. Sivyo. Njiwa ajua njia moja tu, nayo ni ya kwao. Bwana yule ilimpasa kwanza kuwabeba njiwa kutoka kwao, ndipo wapate kurudi na karatasi.

Na papo hapo ndipo taabu ya kwanza inapoanza.

Nilinunua njiwa wangu wa kwanza Ipinda, wawili, dume la kijivu na jike jeupe. Nikawaleta Matema ndani ya kikapu, nikawafungia siku tatu, nikawapa mahindi na maji, nikaona sasa wamenizoea. Siku ya nne nikafungua mlango kwa furaha nyingi. Walipanda juu ya paa, wakatazama ziwa, wakatazama milima, wakaondoka. Nilikwenda Ipinda kesho yake, na nikawakuta wameketi juu ya banda lao la zamani kama watu waliotoka matembezini. Mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alinicheka, akanikamatia tena, akaniambia, “Mwenzangu, hujamnunua bado. Umenunua kikapu tu.” Kisha akanifundisha. Njiwa mgeni afungiwe wiki nne, mahali anapoweza kuona nje kwa wavu au kwa fito, ili macho yake yajifunze mahali. Afadhali zaidi ununue makinda yaliyoanza tu kula yenyewe, ambayo hayajaruka kwa bwana wao. Hayo yatadhani kwako ndiko kuliko kwao siku zote. Na watu wazima ukiwanunua, uwaache wapate makinda kwako kwanza. Hapo mlango ukifunguliwa wana sababu ya kurudi.

Fikiri maneno haya. Kuku ukimfukuza hurudi jikoni. Mbuzi amefungwa kamba. Njiwa hana kamba. Kila asubuhi unamfungulia mlango, naye ana mabawa, na angeweza kwenda mpaka Malawi ng’ambo ya Mto Songwe, wala haulizwi pasi. Akirudi jioni, amerudi kwa kuwa amependa. Siku banda lako likiwa chafu, likivuja, likiingia panya, ataondoka bila kukuaga, atahamia kwa mtu mwenye banda zuri. Basi mfugaji wa njiwa hana budi kufanya kazi kila siku ili asiachwe.

Banda lenyewe basi liweje? Katika nchi ya Kyela mvua ni nyingi mno, zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, na kati ya Machi na Mei mito hujaa, tambarare ikageuka maji. Banda la chini halifai kabisa. Lisimame juu ya nguzo, kimo cha mtu na zaidi. Mianzi mnayo tele. Wazee wa Kinyakyusa walijenga nyumba nzima kwa mianzi, na banda la njiwa si kazi kubwa kwa mtu anayejua kupasua mwanzi. Paa liwe na mteremko mkali na litokeze mbele, mvua isipige mlangoni. Upepo mkali wa kiangazi hutoka kusini, juu ya ziwa. Kwa hiyo mlango usielekee ziwani. Ndani weka vyumba, kila dume na jike chumba chao, na viwe viwili kuliko idadi yao, kwa sababu jike hutaka kutaga tena mahali pengine wakati makinda hayajatoka.

Kwa kiota nina shauri moja ambalo watu wa Matema watalifurahia. Mayai ya njiwa hubiringika kwa urahisi, kwa kuwa yeye ni mvivu wa kujenga. Huleta vijiti vinne vitano akaridhika. Chukua bakuli la udongo lisilo na kina, au kitako cha chungu kilichovunjika. Akina mama Wakisi wa Ikombe hufinyanga vyungu na kuvileta kwa mitumbwi kuviuza Lyulilo, jirani na Matema. Chungu kikivunjika usikitupe. Tia ndani majani makavu kidogo, weka katika chumba cha njiwa. Tangu nianze kufanya hivi sijaokota yai lililopasuka sakafuni.

Nguzo uifunge bati laini katikati, upana wa mkono mzima, ili panya, nyoka na kanu wateleze. Juu ya kipanga sina dawa kubwa. Huja mchana kweupe, kama jiwe lililotupwa, na kabla hujapiga kelele umebaki na manyoya hewani. Njiwa weupe ndio huonekana kwanza. Mwenye njiwa wa kijivu na wa madoadoa hupoteza wachache.

Adui aliye mbaya kuliko wote katika nchi yenye mvua kama yenu ni siafu. Kipanga huchukua mmoja. Siafu huja usiku, wakati wa masika, na asubuhi hukuti kinda hata moja lililo hai. Wazazi huruka, makinda hayawezi. Usiku mmoja nilisikia mabawa yakipiga ukuta gizani, nikatoka na tochi, nikaona nguzo imekuwa nyeusi na inatembea. Nilichoma majani makavu chini yake, nikaungua vidole, nikaokoa makinda mawili kati ya saba. Tangu siku ile kila nguzo ya banda langu ina kitambaa kilicholowa oili chafu ya gari, na chini yake nanyunyiza majivu makavu. Mvua ikinyesha majivu huharibika, basi huna budi kurudia. Wengine husimamisha nguzo ndani ya makopo ya maji. Ni njia nzuri, lakini tia mafuta kidogo juu ya maji yale, ama sivyo utakuwa unafuga mbu.

Hapa tupumzike kwa hesabu. Chukua daftari na kalamu. Njiwa mmoja hula kama gramu 30 za punje kwa siku: mahindi yaliyopasuliwa, mtama, chenga za mchele. Mtu mwenye njiwa 10 atahitaji gramu ngapi kwa siku? Andika: 10 mara 30. Umepata 300. Kwa siku 30 je? Andika: 300 mara 30. Umepata 9000, nazo ni kilo 9. Sasa kila mmoja aandike bei ya kilo moja ya mahindi katika soko la kwao, aizidishe kwa 9. Hiyo ndiyo gharama yako ya mwezi, ikiwa njiwa hawajitafutii kitu. Wakijitafutia, gharama hupungua. Lakini ngoja kidogo tuulize: hujitafutia wapi?

Hujitafutia kwa jirani. Kyela ni nchi ya mpunga. Mtu amelima, amepalilia, watoto wake wameamia ndege shambani tangu alfajiri mpaka jioni wakipiga madebe na kutupa udongo, ili kweleakwelea na mnana wasimalize suke. Amevuna. Ameanika mpunga juu ya turubai uwanjani. Kisha njiwa wako ishirini wanashuka kutoka paa lako, wazuri, weupe, wanono, nao wanakula. Wewe waona ndege wanaopendeza. Yeye aona wezi wenye bwana anayejulikana. Nimesikia ugomvi wa njiwa ukifika kwa mwenyekiti wa kijiji, na nasema wazi kwamba mwenye mpunga alikuwa na haki. Wakati wa kuanika, walishe njiwa wako washibe asubuhi kabla ya kuwafungulia, na siku nyingine wafungie kabisa. Ukishindwa kuwalisha, punguza idadi yao.

Jambo la pili ni kinyesi. Wengi mnakinga maji ya mvua kutoka bati la nyumba. Njiwa wakilala juu ya bati hilo, kinyesi chao huingia katika pipa, na maji hayo mnakunywa. Wasizoezwe kulala juu ya paa linalokingwa maji. Banda likiwa zuri hawatalala paani. Na kinyesi kikavu kina hatari nyingine. Huota ndani yake ukungu usioonekana kwa macho, ambao vumbi lake likivutwa na mtu mwenye kinga dhaifu mwilini, huweza kumletea ugonjwa mkali wa utando wa ubongo. Kwa hiyo unapofagia banda, nyunyiza maji kwanza, funga kitambaa puani na mdomoni, nawa mikono kwa sabuni. Na ikiwa ndani ya nyumba yuko mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, au mgonjwa aliyedhoofu, kazi ya kufagia isiwe yake. Kinyesi chenyewe usikitupe ovyo. Kizike shimoni pamoja na majani, kioze kwa miezi michache, kisha kipeleke kwenye migomba. Utaona mkungu wake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza leo. Ni ugonjwa wa kideri. Mnaujua kwa kuku: kijiji kizima hufagiwa kwa wiki moja. Njiwa naye huupata. Dalili zake ni hizi: hujikunyata, mabawa huanguka, kinyesi huwa cha kijani na cha maji, na wengine shingo hupinda mpaka hutazama juu au nyuma, akitaka kudona punje akadona pembeni. Ukiona shingo iliyopinda, usingoje siku ya pili.

Mimi nilingoja. Ilikuwa mwaka 2009. Nilikuwa na njiwa 16 wazima, nikaona wanne wazuri mnadani, wa mtu nisiyemjua, nikawanunua na kuwatia pamoja na wangu jioni ile ile. Baada ya wiki moja mmoja akapinda shingo. Nikamtenga ndani ya kikapu, wala sikumwambia mtu. Wale wengine niliwafungulia kama kawaida, wakaruka kwenda uani kwa jirani yangu kula pamoja na kuku wake, kama walivyozoea.

Jirani yangu alikuwa mama mjane. Alikuwa na kuku 14, na aliwaweka ili awauze mwezi wa Januari, mwanawe aende sekondari na sare na ada. Walikufa kwa siku nne. Siku ya tano alikuja kwangu asubuhi, akasimama mlangoni, tukasalimiana, akaniuliza kwa upole, kwa lugha ya kwetu ya kumwita mwanamume kwa heshima, “Tata, njiwa wako ni wazima?”

Nilikuwa nimezika wawili usiku ule. Nikasema, “Ni wazima.”

Akasema ahsante, akaenda zake.

Sitaeleza nilivyolala wiki zile mbili. Mtoto yule alipita mbele ya nyumba yangu kila siku, naye alinipa shikamoo kila siku. Mwisho nilikwenda kwa mama yake, nikamwambia kweli yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ya kwanza, wakati kuku wake saba walikuwa bado wazima na wangeweza kufungiwa ndani. Sikuwa na jibu. Nilimlipa kuku sita, na fedha kidogo ya sare; zaidi ya hapo sikuwa na uwezo. Mtoto alikwenda shule amechelewa muhula mmoja. Mpaka leo mama yule akiona njiwa wangu juu ya uwanja wake huinuka na kuwafukuza, nami simlaumu.

Kwa hiyo nawaomba mfanye haya. Njiwa mgeni akae peke yake wiki tatu au nne, mbali na wengine, na chombo chake cha maji kisitumiwe na wengine. Ni muda ule ule tuliosema wa kumzoeza mahali, basi hupotezi kitu. Akionekana mmoja mgonjwa, wafungie wote siku ile ile, na uende kwa majirani wote wenye kuku kabla ya kula chakula cha mchana. Waambie wafungie kuku wao. Kisha mwone afisa mifugo. Aliyekufa azikwe kwa kina au achomwe. Asitupwe mtoni wala asipewe mbwa.

Tena iko kinga. Kwa kuku kuna chanjo ya kideri iitwayo I-2, ambayo hutengenezwa hapa Tanzania. Ni nzuri kwa vijijini kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa nayo yapasa kuwekwa mahali pa baridi kadiri mwezavyo. Huchanjwa kwa kudondosha tone moja katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja huchanja kuku wengi, kwa hiyo ni afadhali majirani wachange fedha na kuchanja siku moja. Mwenye njiwa awe wa kwanza kuchanga, na amwulize afisa mifugo juu ya kuwachanja njiwa wake nao. Chanjo humkinga aliye mzima tu. Aliyekwisha ugua haimponyi.

Kabla sijamaliza, swali moja huulizwa na vijana: “Kwa nini tusifuge ndege wa porini? Hao ni bure.” Nawajua vijana wanaotega chiriku kwa ulimbo mashambani, wakamtia ndani ya tundu la fito ili awaimbie. Chiriku wa porini ndani ya tundu mara nyingi hafiki wiki. Huacha kula, au hujipiga katika fito. Na tena kuna sheria. Ndege wa porini ni wanyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali kwa mtu anayewakamata na kuwaweka.

Nchi yetu imekwisha kuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Tunao kasuku wadogo wa kijani ambao hukaa wawili wawili wakibembelezana. Wako wenye kifua cha manjano wa Dodoma na Iringa, na wako wenye uso wa rangi ya chungwa wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi mno kupelekwa ng’ambo kuwa ndege wa nyumbani. Wengi walikufa kabla ya kufika, na hao wa kusini mwa Ziwa Viktoria wakapungua sana makwao. Nchi za Umoja wa Ulaya zilisimamisha kuingiza ndege wa porini mwaka 2005 kwa kuogopa mafua ya ndege, na mwaka 2007 zikalifanya katazo hilo kuwa la kudumu. Serikali yetu nayo ilisimamisha kusafirisha wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016. Katika nyumba nyingi za Ulaya kasuku hao wadogo wako hata leo, wamezaliwa ndani ya matundu, vizazi kwa vizazi, wala hawajapata kuona mbuyu.

Haya, sasa kazi ya daftari, nayo ni kazi ya kweli wala si ya mwalimu. Mfugaji wa njiwa anayejua kuandika ana faida kubwa kuliko asiyejua, kwa sababu njiwa wakifika kumi huwezi tena kukumbuka nani ametaga lini. Fungua ukurasa mmoja, uuite DAFTARI LA NJIWA. Kila jike mpe jina au alama. Andika hivi:

Jike jeupe. Yai la pili, tarehe 3. Kuangua, tarehe 20 au 21.

Jike la madoa. Makinda mawili. Yalitoka kiotani tarehe 12.

Dume jipya kutoka sokoni. Limefungiwa peke yake tangu tarehe 5. Lisifunguliwe kabla ya tarehe 30.

Majivu na oili kwenye nguzo, tarehe 8. Mvua ilinyesha. Tena tarehe 10.

Chanjo ya kuku na majirani, tarehe 15. Nyumba sita.

Mwalimu wa darasa atawasomea mistari hii polepole mara mbili. Kila mmoja aiandike, kisha abadilishane daftari na mwenziwe wasahihishane. Asiye na njiwa aandike juu ya kuku wake.